Mgongo wa Winchi

Majirani walimwita Winchi, naye hakukasirika, maana jina lilikuwa la haki. Kila asubuhi, kabla hata ya kuonja chai, alimnyanyua mama mkwe wake kutoka kitandani, akamkalisha kwenye kiti chenye tundu cha kujisaidia, akamwogesha, akamrudisha. Mchana hivyo hivyo, jioni hivyo hivyo. Mama mkwe alipooza miguu miaka mingi iliyopita, na mwili wake, tuseme tu ukweli, haukuwa haba.

Walikuwa na mtindo wao. Mama mkwe alimzungushia Winchi mikono shingoni, akashusha pumzi, akasema, "Haya," na hapo ndipo Winchi alipoinuka. Ukimwinua kabla ya hiyo "haya", anakuwa mzito maradufu. Mambo hayo waliyajua wao wawili tu. Mume wa Winchi, kinyozi, aliyasikia kupitia ukutani, kwa sababu mama yake alikuwa amepiga marufuku: mwanamume aliyemzaa mwenyewe asije akamwona mtupu. Wifi naye alikuwepo, lakini huyo alikuwa mtu wa kuja na matunda, kuuliza hali, kisha kukumbuka ghafla kwamba ameacha kitu jikoni.

Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka pajani, mwisho mguu wa kushoto ukaingia ganzi, kandambili ikawa inamvuka njiani asijue. Alivumilia kwa dawa za kuchua na kwa ukaidi. Daktari alipoitazama picha ya mgongo hakumzungusha. Kisahani cha katikati ya pingili kimetoka mahali pake, kinaukandamiza mshipa wa fahamu. Akikiacha, mguu utapooza. Akipasuliwa atapona, Mungu akipenda, ila asinyanyue tena kitu kizito.

"Kizito kama nini, daktari?"

"Ndoo ya maji iliyojaa ni nzito mno kwako."

Winchi akacheka. Kulia kulihitaji nguvu ambazo hakuwa nazo.

Akaahirisha, akaahirisha tena. Hakukiogopa kisu, alikiogopa kile kitanda cha chumba cha pili. Nani atamnyanyua mama? Swali hilo lilimnyima usingizi kuliko maumivu yenyewe. Lakini asubuhi moja mguu ulimgomea katikati ya kunyanyua, wakaanguka kitandani wote wawili, mama mkwe juu yake, wakabanana hapo mpaka jirani alipousikia ukelele. Siku hiyo hiyo akamwambia mumewe amrudishe kwa daktari.

Maandalizi yao yangemchekesha mtu asiyechoka. Kinyozi alikunja godoro, akalifunga kamba, akajifunza kulinyanyua huku mkewe akimwelekeza: kunja magoti, si kiuno, lilete kifuani kwanza. Jasho likamtoka. Mama mkwe aliwatazama kwa muda.

"Godoro halina aibu," akasema, akageuza uso ukutani.

Basi ikabidi wifi abembelezwe. Akakubali, kwa kununa, kuja yeye na jirani wasaidiane.

Winchi alipozinduka baada ya kupasuliwa, koo likiwa kavu na mgongo ukiwaka moto, swali lake la kwanza lilikuwa kama mama amegeuzwa. Muuguzi alidhani ni usingizi wa dawa bado unamsemesha. Kesho yake akaja kumfundisha kutoka kitandani: bega na nyonga viende pamoja, asijipinde. Alimshika chini ya kwapa na kumvuta kabla hajawa tayari. Winchi, aliyemnyanyua mtu mwingine miaka yote hiyo, hakuwahi kujua kwamba kunyanyuliwa kunauma hivi rohoni. Gauni la hospitali lilikuwa wazi nyuma. Akatamani kumwomba mama mkwe radhi, ingawa hakujua kwa kosa gani hasa.

Nyumbani alirudi na uchovu wa ajabu. Alichoka kwa kukaa, akachoka kwa kulala, akachoka kwa kuambiwa apumzike. Kupitia ukutani sasa yeye ndiye aliyesikiliza: wifi akihema, jirani akilalamikia mkono, mama mkwe akiwa kimya. Kimya hicho kilimuuma kuliko mshono.

Mchana mmoja mvua ilimzuia wifi, na jirani alikuwa hayupo. Mama mkwe akaita, mara moja, kwa sauti ya kujizuia. Winchi akaenda akishika ukuta. Alipofika, mikono iliitangulia akili: akainama, akaipitisha chini ya kwapa kama siku zote. Na mama mkwe, kwa mazoea yale yale, akainua mikono kuelekea shingoni kwake. Kisha akauona uso wa mkwewe ulivyokunjamana. Akaishusha mikono, akashika ubao wa kitanda kwa nguvu.

"Niache."

"Mama, mara hii moja tu."

"Niache, nimesema. Mgongo huo nimeula vya kutosha."

"Utajichafua, mama."

"Nitajichafua."

Ikawa hivyo. Winchi akakaa kando yake, hawezi kufanya lolote, na machozi aliyoyaweka tangu kwa daktari yakamtoka yote. Harufu ilipanda chumbani. Mvua ilipiga bati. Wote wawili walitazama mbele, kila mmoja akimwonea mwenzake haya.

"Mpigie mume wako," mama mkwe akasema hatimaye.

"Nimpigie wifi, labda mvua itapungua..."

"Sikusema wifi. Mpigie mwanangu, aje."

Kinyozi akaja mbio, amelowa, nywele za mteja zimemganda mikononi. Akasimama mlangoni, akiangalia sakafu, hajui kama aingie au angoje.

"Ingia, baba," mama yake akamwambia. "Nawa mikono kwanza."

Akanawa, akapiga magoti. Winchi alimwonyesha pa kushika, kisha akageukia dirisha, kwa sababu mama mkwe alikuwa analia na hakutaka kuonekana.