Siku Verediana Alipokosa Chozi

Verediana binti Kalinga, mzaliwa wa Iringa, mke wa Benjamini Mwaisaka wa hapa Iyunga, ndiye aliyeanzisha kilio cha mchungaji wetu wa kwanza. Ndiye aliyemlilia mama wa mapacha mpaka wachimba kaburi wakaweka majembe chini. Hata kwa mzee Gulam mwenye duka alianza, ikabidi wanawe wamwombe kwa adabu anyamaze, kwao hawazikani hivyo. Nilikuwepo kote huko, sikusimuliwa.

Basi Benjamini akaanguka ghafla shambani Madibira, akafa. Simu ilipopigwa, Verediana alitetemeka mwili mzima, pumzi zikamkata, moyo ukamwenda mbio hadi tukamkimbiza zahanati. Daktari akampa vidonge vya haidroksizini, vya siku chache tu, vimtulize mpaka mazishi yapite.

Jeneza likaingia uani. Wanawake tukanyamaza kumngoja, maana kwetu mjane ndiye huanza. Akakaa tu mkekani, macho makavu, anapepesa kama mtu aliyeamshwa. Hata aliyekuwa anachochea moto aliacha.

Faustina, dada wa marehemu, akashindwa kuvumilia. "Wifi, wewe umelia hadi kwa watu usiowajua. Kaka yangu kakukosea nini? Au habari zake ulikuwa nazo mapema?"

Kila mtu alielewa: anamaanisha kifo kile kina mkono wa mke. Mjane akishavishwa neno hilo, hakai tena kwa wakwe.

Sekela, binti yake, akatoa pakiti. "Shangazi, mama kapewa dawa ya wasiwasi. Siyo zile zinazozoesha mwili, ila inalegeza, tena inakausha mdomo hadi macho."

Faustina akaigeuzageuza. "Hii? Mbona mimi nilipewa ya muwasho?"

"Ndiyo hiyohiyo, shangazi."

"Kwa hiyo kaka yangu anamwasha?"

Wapo waliocheka, jeneza likiwa mbele yetu. Tangu nizaliwe sijaona.

Verediana akainua kichwa, ulimi mzito. "Wifi, nakusikia. Na Benjamini namwona pale. Kilio kimejaa humu ndani, hakipati njia." Akapiga mkeka kando yake. "Njoo ukae hapa. Leo anza wewe, na misiba yote ya ukoo huu kuanzia sasa, uanze wewe. Usikimbilie kupaza. Taja kwanza jina la baba yenu, halafu shamba la Madibira, ndipo umwite yeye. Nipe mkono. Nikikubana, pandisha sauti."