Ukweli Alioniletea Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja ya palizi, mwanangu, nikiwa shambani kwetu Chiwata na Esta wangu mgongoni. Nilikuwa mke kijana, na mume wangu alikuwa amepanda Newala kwao kufanya biashara ya vitenge. Aliniambia angerudi kabla ya mavuno ya korosho. Mavuno yakapita, na mengine yakapita.

Sikuchoka kuuliza. Kila aliyeshuka kutoka Newala nilimfuata: umemwona Baba Esta? "Anakusalimu sana, Mama Esta. Yuko njiani." Walinihurumia tu, nami nikashiba huruma yao. Kaka yangu akinisihi tutafute mtu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, namjibu mwenyewe anakuja. Ugonjwa wa ubwiri ukaikamata ile mikorosho mpaka maua yakakauka. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya hao wasafiri ilikuwa ndefu misimu miwili, na tuliolala njaa ni mimi na mtoto.

Basi asubuhi ile nikamwona mama mkwe wangu anakuja kwa mguu kutoka barabarani, mzee wa watu, ameazima jembe kwa jirani. Nikapiga goti. Shikamoo, mama. Marahaba. Akashika upande wake, tukapalilia mpaka jua likawa kali. Nilidhani mwanawe amefariki.

Tulipokaa kupumzika akampakata Esta. Ndipo akasema, "Mama Esta, nimetoka kwa mwanangu. Ana mke mwingine kule, na mke huyo ni mjamzito. Harudi. Kosa si lako. Nimeona usikie kwangu, maana mimi ndiye niliyemzaa."

Nilimchukia, sitakuficha. Nikamwambia aondoke na uongo wake.

"Kasirika, mama," akasema. "Mimi nipo."

Na kweli alikuwepo. Alikaa nasi mpaka palizi ikaisha, akichimba viazi vya ming'oko porini tupate cha kutia tumboni, na nilipolia hakunikataza. Wakati wa dawa ulipofika, kaka yangu aliipulizia ile mikorosho, nasi tukavuna.

Msema kweli mpenzi wa Mungu, hilo kila mtu analijua. Mtume naye katika waraka wake alituagiza tuseme kweli kwa upendo, na wengi hudhani upendo huo ni kulainisha sauti. Wale wasafiri walikuwa na sauti laini kumshinda mama mkwe. Yeye alisema wazi, kisha akabaki. Ninyi siku hizi mnaandika ukweli kwenye simu, na mkishatuma mnaizima. Ni ukweli, sikatai, lakini mnamwacha mtu nao peke yake.

Yule mama amekwisha kufa, siku nyingi sasa. Mume wangu hata sura yake imenitoka, ila yule mama namkumbuka kila siku. Nikirudi kutoka kupimwa hospitalini Masasi, Esta ananiambia, "Mama, uko mzima kabisa," huku macho ameyapeleka dirishani. Ananipenda, najua. Lakini hapo ndipo ninapomlilia, laiti angekuja akae karibu yangu aniambie.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiwa na neno linalomhusu mtu, usilifiche kwa huruma wala usimtupie kwa hasira. Mpelekee mwenyewe, umtazame usoni, na usiwe na haraka ya kuaga. Hata mimi, kama unalijua langu, njoo uniambie. Nikikukasirikia, kaa.

Mungu akujalie kinywa kisichodanganya, na miguu isiyokimbia baada ya kusema. Amina.