Kachero wa Majengo na Pasi ya Cucu

Mwezi jana nilitoka Embu kwenda Meru kwenye harusi, na basi lilipovuka daraja la Thuci nikajikuta nimeshika kitambulisho mkononi, tayari kukionyesha. Hakuna aliyekitaka. Kijana niliyeketi naye akaniuliza kama nimepoteza kitu, nikamwambia hapana, nimezeeka tu. Maana wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, ndugu yangu, Meru ilikuwa ng'ambo. Bila pasi yenye muhuri mtu wa Embu havuki, hata awe na jamaa zake wote upande wa pili. Kwa hiyo likizo ile cucu, mama mzaa mama, alipopewa pasi ya kumtembelea binti yake, nilitangaza darasani Kibugu kama mtu anayepanda meli kwenda Ulaya. Jina langu liliandikwa chini ya lake, kama mzigo.

Mama mdogo alikuwa ameolewa Majengo, Meru mjini, na mfanyabiashara Mmeru aliyesilimu. Ah, Majengo! Unaamka na adhana, kisha unasikia harufu ya iliki na mafuta ya moto, na cherehani zimeanza barazani. Wanawake walisema Kiswahili upesi hata nikadhani wanagombana. Kwetu kijijini, tulikozungushiwa handaki, tulikula githeri, mahindi na maharagwe, tukisikilizia filimbi ya homugadi, mgambo wa serikali. Huku kazi yangu ilikuwa kuchambua mchele na kupepea jiko, na ujira wangu ulikuwa mandazi. Nilianza kunenepa siku ya tatu.

Baba mdogo, mume wa mama mdogo, alibadili dini na jina, lakini mambo ya ukwe hakuyagusa. Kwetu na kwao, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani kitu mkononi. Basi cucu alilala kwa jirani, mama muuza mandazi, upande wa pili wa ua, na akitaka kusemezana na mkwewe, mimi ndiye niliyekuwa posta. Akisikia tu kikohozi chake, cucu anajifunika leso na kugeukia ukuta.

Jumatano pasi haikuonekana. Mama mdogo ndiye aliyeiulizia, akitaka kututafutia nafasi kwenye lori la Jumamosi, na Jumamosi hiyohiyo ndiyo pasi ilikuwa inaisha. Nyumba nzima ilipoa. Kukutwa bila pasi kulikuwa kwenda kizuizini, na kule kijijini mkuu wa homugadi angesema cucu ameingia msituni kwa wapiganaji, nyumba yake itiwe moto. Mama mdogo alilia mbele yetu sote bila kujificha.

Baba mdogo hakulia. Aliwahi kuwa tarishi wa mahakama, akabeba mafaili na kusikiliza kesi za watu miaka miwili, kwa hiyo akajipa ukachero. Akachomeka kalamu sikioni na kufungua daftari. Kwanza alimshuku mama wa mandazi, maana mgeni alilala kwake, na mandazi yake aliyafunga kwa karatasi. Akanunua sinia zima, akasoma kila karatasi, sisi tukala ushahidi. Kisha akamgeukia mwalimu aliyepanga chumba cha mwisho, aliyesokota tumbaku kwa karatasi yoyote aliyoiona. Akachota majivu yake kwa kijiko cha chai, akayanusa, akatikisa kichwa. Mwalimu alinuna, akaacha kumsalimia. Mbuzi wa jirani naye alifuatwa nyuma Alhamisi kutwa, kwa subira kubwa, lakini hakutoa chochote cha kusaidia upelelezi.

Akabaki mwenye pasi. Ungekuwepo ungecheka wewe! Baba mdogo amesimama nje, amegeuzia mlango mgongo. Cucu yuko ndani, ameelekea ukuta. Mimi niko kizingitini. Natumwa nimuulize aliiweka wapi mara ya mwisho.

"Mwambie niliiweka penye heshima," cucu akasema.

Walisikiana vizuri kabisa, lakini ilinibidi nirudie. Mkwe akaandika, akaenda kupekua sanduku la Kurani, akarudi mikono mitupu. Natumwa tena nimuulize anamshuku nani. Cucu akajibu kwamba hamshuku mtu, ila anamwomba mwenye nyumba asiache kwenda sala ya Ijumaa. Baba mdogo akaguswa sana, mama mkwe Mkristo kumhimiza sala.

Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, akatuita sote uani. Mama wa mandazi alikuja na mwiko wake, mwalimu akaegemea nguzo, cucu akabaki nyuma ya mlango. Baba mdogo akatoka na kanzu, na juu yake koti jeusi la Ijumaa, ambalo halikuvaliwa siku nyingine yoyote. Akatembea huku na huku kama alivyowaona mawakili, akasema mwizi yumo humuhumu na hajui kwamba amekwishajulikana. Mama wa mandazi akamwambia amtaje upesi, mafuta yanaungua. Jasho likamtoka. Akatia mkono mfuko wa ndani, akavuta leso, akajipangusa paji lote la uso, na leso ile ilikuwa na muhuri wa serikali.

Kumbe Ijumaa tuliyofika cucu aliiacha pasi juu ya benchi, mwenye nyumba aipeleke kwa chifu ionekane, kama ilivyotakiwa. Yeye ndiyo kwanza alikuwa ametoka msikitini. Akaitia kotini, wateja wakaja, akasahau. Sasa alikaa chini vumbini na koti lake zuri. Mama wa mandazi alicheka mpaka akaangusha mwiko, na jioni akapelekewa gunia la unga la kuombwa radhi. Mwalimu alipata mkebe wa tumbaku.

Jumamosi, ndani ya lori, nikamuuliza cucu kama alijua.

"Nilimwona akiitia mfukoni," akasema.

"Mbona hukusema? Wangekufunga."

Akanifunga shuka vizuri kwanza. "Wangenifunga mimi. Ningesema, ningekuwa nimemwita mkwe wangu mwizi, na anayebaki naye nyumba ile ni binti yangu."

Leo nina wakwe watatu waliooa kwangu. Wananikumbatia, wananitania, na mdogo wao hupekua mkoba wangu akitafuta chaja ya simu. Nawapenda, na hakuna ninayemfichia uso. Lakini nikijiuliza ni yupi kati yao ningenyamaza kwa ajili yake mpaka nipelekwe kizuizini, huwa naona aibu kujijibu.