Mafuta ya Cherehani

Leo fundi mmoja hapa Ibighi alikuwa akitia mafuta cherehani yake, na harufu ile ikanirudisha jikoni kwetu.

Baba alikuwa na bunduki ya kufukuzia nguruwe pori shambani. Mvua ya kwetu haikihurumii chuma, kwa hiyo kila aliporudi aliifuta kwa kipande cha kanga kuukuu, akapitisha kingine ndani ya mtutu, kisha akaipaka mafuta ya cherehani ya mama. Mimi sikuruhusiwa kuigusa.

“Jasho lina chumvi, mwanangu,” baba aliniambia. “Ukiweka kidole hapa, kutu itaota palepale, na alama yako haitatoka tena.”

Alipofariki, ilibidi bunduki irudishwe polisi. Asubuhi ya kuipeleka, mama aliketi akaisafisha taratibu, kama alivyozoea kumwona akifanya.

“Wifi, unahangaika ya nini?” shangazi akamuuliza. “Si inakwenda kutupwa stoo?”

“Hata mwenyewe tulimwosha,” mama akajibu.

Alipoinuka kutafuta gunia la kuifungia, nilikibandika kidole gumba changu kwenye mtutu uliong'aa, nikakikandamiza mpaka chuma kikapata joto.