Gari Ninaloliendesha kwa Masikio

Nianze kwa kujisifu, maana watu wengi huanza kwa kunihurumia, na mimi nimechoka kusubiri zamu yangu. Hapa Arua, Uganda, sijakutana na mtu aliyenishinda katika gemu ya magari, ile inayochezwa kwa kusikiliza tu. Wenye macho wamejaribu. Jirani yangu, fundi wa pikipiki, mtu anayejua injini kuliko anavyojua watoto wake, aliingia mtaroni kwenye kona ya pili akaniambia simu yangu ina kasoro.

Gemu yenyewe haina picha. Unavaa hedifoni, injini inanguruma, sauti inakuambia kona inakuja kulia, nawe unainamisha simu kulia. Ukikaribia ukingo unasikia changarawe chini ya matairi, na inasikika katika sikio la upande ule ule unaoteleza. Anayekufuata nyuma, ukiwa makini, utasikia matairi yake kabla ya injini yake. Wageni husikiliza injini tu, ndiyo maana hupitwa.

Ninayo pia ludo inayonisomea dadu na mahali kila kete ilipo, na gemu moja ya karata. Nyingine nimezifuta. Kuna zile ambazo popote unapogusa, sauti inayonisomea simu inasema "kitufe, kitufe, kitufe," bila kusema kitufe cha nini. Aliyezitengeneza hakuwahi kufikiri kwamba mtu kama mimi yupo duniani. Hizo nazifuta bila huruma.

Sasa nimseme shangazi yangu wa Koboko, dada wa marehemu baba. Ndiye aliyenilea tangu nilipopofuka nikiwa sekondari. Alinilea vizuri mno, na tatizo lilikuwa hapo hapo: hakujua kuacha. Nilipojifunza kufuma sweta za shule kwa mashine na kupanga chumba changu mwenyewe chini ya Arua Hill, alivumilia mwaka mmoja tu. Halafu akatokea mlangoni, hata salamu hazijaisha.

"Mutoto ya ndugu yangu, mimi nakuja kuchukua wewe. Hapa peke yako, nani iko naangalia wewe?"

Nilimkaribisha, nikampikia. Moyoni nilikuwa na hofu, maana nyumbani kwetu neno la shangazi halipingwi. Akisema narudi Koboko, basi mashine yangu, wateja wangu na ufunguo wangu vingekuwa hadithi.

Asubuhi ya pili akanikuta nimekaa kitandani, hedifoni masikioni, nikiinamisha simu huku na huku na kutabasamu. Kioo cha simu kilikuwa cheusi. Baadaye aliniambia kwamba alitokwa na machozi. Alidhani simu imekufa zamani, na mimi kwa upweke nimeanza kuchezea maiti yake. Alingoja niende kuoga, akaichukua simu akaipeleka kwenye kibanda ambako watu huchajisha simu zao. Niliporudi hayupo, na simu haipo. Kidogo nipige kelele za mwizi.

Alirudi amechanganyikiwa. "Yule mzee ya chaji nasema simu iko full. Lakini kioo iko kufa. Sasa wewe nacheka na nini?"

"Kioo hakijafa, shangazi. Nimekizima mwenyewe. Mwanga wake unakula chaji, na mimi sina kazi nao."

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja ya tatu, nilimpa hedifoni. Nilimweleza habari za kona na changarawe, akashika simu kwa mikono miwili kama anayebeba sahani ya mchuzi. Kona ya kwanza, mtaroni. Akaanza tena. Mtaroni. Asubuhi nzima tulikaa hivyo, yeye akigombana na gari, mimi nikijiuma midomo nisicheke.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," nilimwambia.

"Mimi hapana shindwa. Hii gari iko mubaya."

Nikachomoa hedifoni kwenye simu ili naye asikie, nikalichukua gari lile lile baya, nikapita kona zote, nikamaliza wa kwanza. Nikadhani nimeshinda kesi.

"Kwa simu wewe najua," alisema. "Lakini boda ya Arua hapana iko ndani ya simu. Siku moja boda nagonga wewe, mimi naambia watu nini?"

Nilikasirika, na nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa hiyo nikamwekea sharti. Kesho mimi ndiye nitakayemsindikiza mpaka stendi ya magari ya Koboko. Akinishika mkono hata mara moja njiani kwa hofu, nitapanda gari naye hivyo hivyo nilivyo, na sitanung'unika.

Kwetu mgeni husindikizwa, na anayemsindikiza ni mwenye nyumba. Tangu nipofuke sikuwahi kuachiwa kazi hiyo. Shangazi alifikiri sana, kisha akakubali.

Asubuhi tukatoka, fimbo yangu nyeupe mbele, yeye ubavuni. Nilimsikia akihema. Mara mbili mkono wake ulikuja karibu na kiwiko changu, nikasikia bangili zikilia, na mara mbili aliurudisha. Tulifika barabara inayoteremka kutoka kilimani. Lori lilikuwa likipanda kwa kelele zake zote. Tulingoja likapita, na shangazi akasema, "Barabara iko wazi, twende."

Sikwenda. Nyuma ya kelele za lori kulikuwa na kitu kidogo, matairi membamba juu ya changarawe bila injini yoyote. Bodaboda wetu wakiteremka huzima injini waokoe mafuta. Shangazi alikuwa ameshainua mguu, macho yake yakiwa bado kwenye lori. Nilinyoosha mkono nikamshika, nikamrudisha nyuma, na boda ikapita mbele yetu na upepo wake.

Tulisimama. Mkono wangu ulikuwa bado umemshika. Fimbo nilifundishwa na mwalimu, na barabara nilifundishwa na barabara. Lakini ile tabia ya kutafuta sauti ndogo nyuma ya sauti kubwa, hiyo niliipata kwenye gemu, jioni baada ya jioni, na najivunia.

Tulifika stendi. Dereva alipotuona akamwuliza, "Mama, watu wawili?"

"Mutu moja," alijibu shangazi. "Huyu iko mwenyeji. Nasindikiza mimi tu."

Nilisimama pale mpaka gari likaondoka, kisha nikageuka nikarudi nyumbani kwangu.