Siku Niliyowafikisha Nyuki wa Sikonge Uwanjani

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana aibu hii naijua kuliko nyinyi, na mpaka leo wapo wazee wa Kanyenye, mtaa wetu hapa Tabora, ambao wakiniona napita hupunga mikono usoni kama wanafukuza kitu, halafu wanacheka mpaka kofia zinawaanguka. Siwalaumu hata kidogo. Mambo niliyataka mwenyewe.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nina miaka kumi na minane, mtoto wa fundi bati, na kazi yangu kubwa (ukiacha kumshikia baba mabati akiyalehemu, kazi niliyoifanya huku nimenuna) ilikuwa kukaa barazani na wenzangu tukisimuliana mambo ambayo hakuna aliyeyafanya. Mmoja wetu alikuwa amemuua simba, mwingine amekataa kuozwa binti wa tajiri, na mimi uongo wangu ulikuwa mbio. Nilisema hakuna mtu wa kunikamata Tabora nzima. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekimbia kwa nguvu mara moja tu maishani, nikifukuzwa na mbwa, na mbwa alinikamata.

Basi tukasikia Maganga anakuja. Maganga alikuwa mtoto wa wakulima wa Lusu, kule Nzega, watu wa jembe na kanisa, aliyeanza kukimbia kwa kupeleka barua za misheni kijiji hadi kijiji, na wakati huo alishawashinda watu Dar es Salaam na Nairobi, picha yake imetoka gazetini amekumbatia kikombe, nasi tumeikata tukaibandika kwa kinyozi. Mtu kama huyo angeweza kukaa pwani akala sifa zake taratibu. Yeye kila alipopata likizo alipanda gari moshi akarudi kwetu, akazunguka mashuleni na vijijini kusema na vijana, na hakuna aliyemtuma.

Alipofika Kanyenye hakuitisha mkutano. Alikuja mpaka barazani kwetu, akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, kisha akatugeukia sisi.

"Nyie wenzangu, miguu mnayo mizima?"

"Tunayo, kaka."

"Sasa mbona mmeikalia?"

Tukacheka, lakini lile swali lilituchoma. Akatueleza kwamba Jumamosi kutakuwa na mbio, maili sita, kutoka Kwihara mpaka uwanja wa mpira mjini, kwa njia ile ya zamani ya misafara. "Babu zetu waliipita njia hii na pembe za ndovu mabegani," akasema, "na wengi hawakuulizwa kama wanataka. Jumamosi sisi tuipite mikono mitupu, kwa kupenda wenyewe." Wa kwanza atapewa raba mpya, tena atakwenda naye Dar es Salaam mwezi mzima kufanya mazoezi, ili akakimbie kwa jina la jimbo letu. Wenzangu wote wakanigeukia mimi. Ningefanya nini? Nikainua mkono.

Jumamosi asubuhi mama, kwa furaha ya mwanawe kupata la kufanya, alinipikia mihogo ya karanga sufuria nzima, nami (hapa ndipo akili ilipoanza kunitoka) nikaimaliza yote, nikiamini kwamba nguvu za mtu ziko tumboni. Kule Kwihara tulikuwa vijana kama arobaini. Pembeni yangu alisimama kijana mwembamba, miguu peku, shuka moja begani, akanisalimu "Mwangaluka" kwa sauti ya chini, akasema anaitwa Shija, anachunga ng'ombe Igunga, na ametembea siku tatu kuja kukimbia. Nikamtazama ile miguu yenye vumbi nikamwonea huruma. Mimi! Nikamwonea huruma yeye!

Filimbi ilipolia, Shija aliondoka kama aliyeitwa nyumbani, nami nikamfuata kwa kishindo mpaka maili ya kwanza. Maili ya pili mihogo ikaamka. Kichomi kikanishika ubavuni, pumzi ikakatika, wenzangu wakanipita mmoja mmoja wakinipa pole, mpaka akanipita mzee mmoja mwenye baiskeli aliyekuwa anaisukuma kwa sababu ya pancha. Nikabaki peke yangu pale njia inapoikuta barabara ya Sikonge, nimeinama, na mbele yangu lilikuwa limesimama lori la asali, dereva amefunua boneti anamimina maji kwenye rejeta.

Sasa sikilizeni, sikukusudia wizi. Nilijiambia nitapanda kidogo tu, nipumzike, niteremke kabla ya mji nimalizie kwa miguu kama mwungwana. Nikazunguka nyuma polepole, nikapanda, nikajisukuma chini ya turubai katikati ya madebe. Lori likaondoka. Chini ya turubai giza, joto, harufu ya asali imejaa kila mahali, nami nasikia kupitia kwenye tundu sauti za wenzangu tukiwapita, nikamwona hata Shija yuko mbele ya wote, anakimbia bila haraka, uso umetulia. Moyo ukanipiga kidogo. Nikauambia unyamaze.

Tulipokaribia mji nikasimama ili niruke, lori likaingia shimoni, mguu wangu wa kulia ukatoboa kifuniko cha debe ukazama mpaka karibu na goti. Nikavuta, bati likanishika kifundo kama mtego. Na lile debe halikuwa na asali tupu. Warina asali walikuwa wametia masega mazima kwa haraka, na nyuki wao ndani yake, waliokuwa wamelewa moshi na baridi ya asubuhi. Sasa jua lilikuwa limepata turubai vizuri, walevi walikuwa wanaamka, na mimi ndiye niliyewakanyaga.

Wa kwanza aliniuma sikio. Sikumngoja wa pili. Lori lilikuwa limepunguza mwendo kwa ajili ya watu waliojaa karibu na uwanja, nikafumba macho nikaruka na debe langu mguuni, na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipokimbia kweli. Ko! Ko! Ko! debe linalia, asali inaruka, nikaingia uwanjani kwenye ile njia iliyochorwa kwa chokaa, na watu, ambao waliona tu kijana wa Kanyenye anatangulia peke yake, wakalipuka. Wapiga beni waliokuwa wakingoja uwanjani wakapuliza tarumbeta. Wenzangu wa barazani wanaruka juu. Nikamsikia mama yangu anapiga vigelegele, naijua sauti yake katika watu elfu, "Mwanangu huyo! Mwanangu!"

Halafu vigelegele vikakatika katikati.

Wingu lilikuwa limefika. Nyuki hawabagui. Mpiga tarumbeta alimeza mmoja (ndivyo anavyoapa), ngoma kubwa ya beni ikaviringika peke yake mpaka golini, Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, na bibi yake, waliokuwa wamekaa kwenye viti chini ya turubai la wageni, waliinuka kwa heshima, wakatembea kwa heshima hatua tatu, kisha heshima ikawashinda. Wawili walioshika utepe wa mwisho waliutupa. Nami nikavuka pale mahali pa ushindi, wa kwanza, bila mtu hata mmoja wa kunishuhudia, nikatumbukia kichwa chini miguu juu kwenye pipa la maji ya wakimbiaji.

Baadaye kidogo Shija akaingia uwanjani. Akakuta viti vimepinduka, viatu vya watu vimetapakaa, tarumbeta iko chini. Akasimama, akauliza kwa upole, "Watu wamekwenda wapi?"

Aliyerudi wa kwanza alikuwa Maganga, ameshika majani mabichi yanayofuka moshi (baba yake alirina asali, nyuki anawajua), akaniopoa pipani, akanifunika blanketi, akaanza kunitoa miiba kwa ubapa wa kisu. Jicho moja lilikuwa limefumba, midomo imekuwa kama maandazi.

"Pole, mdogo wangu. Asali hii imetoka wapi?"

"Nimekanyaga mzinga, kaka. Njiani."

Akautazama mguu wangu.

"Mzinga wa bati?"

Na kama hiyo haitoshi, baba yangu akawa amefika, akainama, akaligonga lile debe kwa kidole, akasema polepole, "Hili nimeliziba mimi Jumatano. La yule tajiri wa asali mwenye lori." Kisha akapiga magoti, akaanza kunibandua bati kifundoni. Afadhali angenipiga.

Watu walipoanza kurudi, wakijikuna, wapo wa Kanyenye waliopiga kelele kwamba mshindi ni mimi, nimefika wa kwanza, nyuki au si nyuki. Shija alikuwa amechuchumaa pembeni, hajadai chochote, anangoja aambiwe arudi kwa ng'ombe wake. Maganga akaniinamia sikioni.

"Nafasi ni moja, na mwenyewe yuko pale. Nikisema mimi, utabaki mwizi. Ukisema wewe, utabaki mkimbiaji aliyekosea. Chagua."

Nikasimama. Mbele ya mji mzima, mbele ya mama, nikasema kwa midomo ile iliyovimba, "Nilibanda loli." Hawakuelewa. Ikabidi nirudie. "Nilibanda loli! La asali! Sijia ndiye wa kwanza!" Kicheko kilichotoka pale nadhani walikisikia Nzega. Nililia, na machozi yalitoka jicho moja tu, lile lingine halikuwa na nafasi.

Ndipo Maganga akaniwekea mkono begani, asali na yote, akawaambia vijana, "Nilikuwa na maneno mengi ya kuwaambia leo. Lakini huyu amenisaidia. Kukimbia mbele ya watu hata mimi naweza. Kusimama mbele yao na kusema nimekosa, mimi nilichukua miaka kujifunza." Wakaacha kucheka. Akamwita Shija, akampa zile raba mpya, na yule bwana, ambaye alikuwa hajawahi kuvaa kiatu, akazifunga kamba akazining'iniza shingoni, akaja kwangu akasema, "Pole, ndugu. Mimi nyuki siwawezi kabisa."

Nilidhani yameishia hapo. Siku ya tatu, uvimbe umepungua, alfajiri nasikia hodi, nikafungua, Maganga huyo na Shija nyuma yake. "Zile maili ulizopanda," akasema, "leo tutazikimbia." Na tulizikimbia, nikatapika, nikakaa chini, akaningoja. Kesho yake akaja tena. Juma zima mtu ambaye nchi nzima inamjua alikuja kunigongea mlango mimi niliyemharibia shughuli yake, na siku ya nne ya mbio hizo wenzangu wa barazani wakatufuata, mmoja, halafu wawili, halafu wote, wakisema wanakuja kunicheka tu, lakini miguu yao ilikuwa inakimbia. Nilikwenda pia kwa yule tajiri wa asali na kwa dereva wake kuomba radhi, na baba akamtengenezea madebe mapya huku mimi nikishika bati, safari hii bila kununa.

Siku waliyoondoka Maganga na Shija, tuliwasindikiza stesheni. Mama, ambaye tangu Jumamosi ile alikuwa hatoki nje bila kujifunika uso, alikuja na kikapu cha karanga na mikate ya mchele, akampa Maganga kupitia dirishani mwa behewa.

"Baba, Mungu akuzidishie. Umenirudishia mtoto."

"Hakupotea, mama," Maganga akajibu, "alipanda gari tu."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta wa stesheni, mara yake ya kwanza kucheka tangu siku ile, nami nikacheka naye, gari moshi likaondoka, na pale pale nikaapa, nasema mbele yenu na sijavunja, kwamba sitakaa tena mahali pa mwenzangu. Ubingwa sikuupata mpaka leo. Lakini mama yangu alirudi nyumbani kupitia katikati ya soko, uso wazi, akiwaamkia watu.