Baridi Ile Bibi Alipozima Chetezo

Udi wa Bibi ulikuwa na harufu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya sukari inayoungua, na hiyo ilikuja mara tu alipodondosha kipande juu ya kaa. Ya pili ilikuja polepole, nzito, ya mti na marashi na kitu kingine ambacho hakuwahi kunitajia, nayo ndiyo iliyokaa. Ilikaa kwenye mapazia, kwenye mito, ndani ya mkate uliofunikwa kwa kitambaa. Tulipohamia vyumba viwili vya Shumaisi, katikati ya Riyadh, majirani walijua siku ya pili tu kwamba wamekuja watu wa Unguja, kwa sababu ngazi zote, tangu chini mpaka darini, zilinukia.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Nyumbani kwetu kulikuwa Jeddah, mtaa wa Bani Malik, lakini mwaka ule baba alikuwa akitafuta kafili mpya, mdhamini wa kumwezesha kukaa nchini. Ikama yake, kile kibali cha ukaazi, ilikuwa imekwisha, na bila ikama shule haikunipokea. Bibi alikuwa akienda Riyadh kukaa na Ami Seif, mdogo wake baba, basi nikaambiwa nimsindikize nimshike mkono. Watu walinionea huruma kwa kukosa shule. Mimi nilijiona nimefunguliwa mlango.

Ami Seif alikuwa mwangalizi wa shamba la bosi mmoja, mwendo wa saa nzima nje ya jiji kwa pikapu. Kulikuwa na mitende, mbuzi, na banda kubwa la kuku ambao mama yake bosi aliwapenda kama wajukuu. Aliondoka nyumbani baada ya adhuhuri, akalala shambani, akarudi asubuhi kuoga na kubadili nguo. Kila baridi alitega mbweha wadogo wa jangwani, wale wenye masikio marefu ambao wenyeji huwaita husni. Alifundishwa kazi hiyo na Bedui aliyekuwa akichunga ngamia jirani na shamba. Aliipenda kama watu wengine wanavyopenda mpira. Ngozi alizichuna kwa utaratibu, akaziwamba juu ya ubao, akazipaka chumvi, kisha akampelekea mzee mmoja wa Kiyemeni sokoni anayeshona farwa, yale makoti mazito ya manyoya ya kondoo. Mzee yule alizitia kwenye kola. Haikuwa biashara ya kumtajirisha mtu, ila ilitosha mitungi ya gesi ya baridi nzima na viatu vya sikukuu.

Mwaka ule hakunasa hata mmoja. Wiki ya kwanza alicheka. Ya pili akabadili chambo, akaacha utumbo wa kuku akaweka vichwa vya samaki. Ya tatu akanunua mitego mipya. Mbweha, kwa upande wao, hawakupungukiwa na kitu. Kila Ijumaa bosi alipokuja na familia yake, manyoya ya kuku yalikuwa yametapakaa mchangani, na mama yake alikuwa akiyaokota moja moja bila kusema neno, jambo lililokuwa baya kuliko kugombezwa. Ijumaa moja bosi alimwita Ami pembeni. Nilikuwa nimekaa ndani ya pikapu, kioo kikiwa wazi, nikasikia kila kitu. Alimpa mpaka baridi iishe. Kuku wakiendelea kuliwa, halas, basi, atatafuta mtu mwingine na Ami atakatiwa tikiti ya kuondoka nchini.

Njiani kurudi Ami aliniambia, "Raya, hayo uliyoyasikia yaishie humu ndani ya gari."

Nilielewa sababu. Bibi alikuwa kwenye ikama ya Ami. Ami akiondoshwa, na Bibi ataondoshwa, na Bibi alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne akiwa msichana na kifurushi cha nguo. Nyumba waliyoiacha alikuwa hajui hata nani anakaa. Angerudi wapi? Usiku ule nilijiahidi kwamba mbweha nitamnasa mimi. Sikujua nitamnasaje, ila niliamua.

Nikaanza kulala shambani na Ami siku tatu kwa wiki. Alfajiri, kabla upepo haujafuta mchanga, nilitoka na daftari langu la shule nikachora nyayo. Baridi ya Riyadh inauma kwa namna ambayo mtoto wa Jeddah haijui. Penseli ilinitoka vidoleni bila mimi kuhisi. Lakini nyayo zilinisimulia mambo. Mbweha alikuja moja kwa moja kuelekea mtego, akafika umbali wa mkeka mmoja, akasimama. Hapo nyayo za mbele zilizama zaidi, kama mtu aliyeinama kunusa chungu. Kisha alizunguka mbali, duara zima, akaenda bandani upande wa pili. Kila siku ilikuwa hivyo. Nilimwonyesha Ami, akatazama michoro yangu muda mrefu, akasema labda anaona chuma kinang'aa. Tukafukia mitego zaidi. Duara likabaki lilelile.

Aliyelitambua jambo lenyewe ni Dada Mercy. Alikuwa Mkenya wa Nyandarua, mfanyakazi wa nyumbani kwa bosi, na Ijumaa aliletwa shambani kupika. Alikuwa mcheshi, na alikuwa akinisikiliza kama mtu mzima. Nikamfungulia daftari jikoni huku akimenya vitunguu. Akaangalia mchoro, akaniangalia mimi, akanivuta karibu akaninusa shingoni.

"Ai! Raya, kwani unajifukiza hata ukienda kutega?"

"Bibi ndiye anayetufukizia. Kila nguo."

"Na ami yako pia?"

"Pia."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Nyinyi watu mnanukia harusi! Huyo mbweha akija anafikiria kuna bibi arusi amefukiwa hapo. Kwetu tulikuwa tunatega sungura, na kabla ya kutega shosho, bibi yangu, alikuwa anatukataza hata sabuni."

Sikutaka kuamini mpaka nijaribu. Jioni ile nilimwomba aweke kipande cha utumbo kwa mkono wake upande mmoja wa ukuta wa banda, nami nikaweka kingine upande wa pili, bila mtego wowote. Asubuhi cha kwake hakikuwapo. Changu kilikuwa palepale, kimeganda, na lile duara limekizunguka.

Ndipo nilipokumbuka lililokuwa mbele ya macho yetu siku zote. Miaka ya nyuma Ami aliishi shambani peke yake, na nguo zake zilinukia mbuzi. Mwaka huu ndio Bibi amekuja. Kila asubuhi alimvua mwanawe kanzu na koti, akavitandaza juu ya kikapu cha ukindu kilichofunika chetezo, akavifukiza mpaka moshi ukapenya kila uzi. Tulipomweleza Ami, akasema, "Bibi asiambiwe na mtu. Udi ndio kitu pekee kilichombakia kutoka kwao."

Kwa hiyo tulifanya ujanja. Tukaacha nguo chakavu shambani, tukawa tunabadili tukifika. Siku nne zikapita, na duara halikubadilika. Nilikaribia kulia kwa hasira. Siku ya tano, nikiwa Shumaisi, niliingia chumbani nikamkuta Bibi amepiga magoti mbele ya chetezo, na juu ya kikapu hakukuwa na nguo. Kulikuwa na gunia la mitego, ambalo Ami alilileta nyumbani kila baada ya siku chache ili apake mafuta zile springi. Lilikuwa linatoa moshi kama nyumba inayoungua.

"Linanuka mizoga," alisema. "Mwanangu hawezi kubeba kitu cha namna hii begani akaonekana mtu."

Nilisimama pale mlangoni. Ami alikuwa amenikataza, na sikuwa nimewahi kumvunjia mkubwa neno lake. Lakini baridi ilikuwa inakaribia kwisha, na asubuhi ile kwenye ngazi jirani alikuwa amekwisha kuvaa shati bila koti. Nikakaa chini karibu yake, nikamwambia yote: nyayo, duara, utumbo wa Mercy, na lile alilolisema bosi.

Bibi hakunikatiza. Nilipomaliza alitazama gunia, akatazama chetezo, akasema taratibu, "Kumbe mimi ndiye ninayemlisha mbweha kuku."

Kisha akainuka. Alimimina maji juu ya makaa mpaka yakalia, akakifuta chetezo kwa upindo wa kanga, akakipandisha juu ya kabati. Akachukua sufuria yake kubwa, ile ya pilau la wageni, akaitia mitego yote pamoja na maganda ya komamanga, akaichemsha tangu asubuhi mpaka alasiri, hadi chuma kikawa cheusi na kisicho na harufu ila ya maganda. Ami aliporudi kutoka dukani alisimama kizingitini akiitazama sufuria. Bibi hakumpa nafasi ya kuuliza. "Kalale na mbuzi, Seif. Na huyu umlaze huko huko."

Tulilaza nguo zetu zizini siku mbili, juu ya nyasi. Tulipopita nyumbani kuchukua mitego, Bibi alituaga kutoka mbali, ameziba pua. "Yalla, nendeni. Mnanuka vizuri."

Niliutega mtego wa kwanza kwa mikono yangu. Alfajiri ya pili yake hakukuwa na duara mchangani. Mbweha alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, na masikio yake yalikuwa mazuri. Alinitazama. Ami aliharakisha, hakumwacha ateseke, nami sikugeuza uso, kwa sababu nilijua ni mimi niliyemtaka. Kabla joto halijaingia tulinasa wengine watatu, na kuku wakaacha kufa. Bosi alimkabidhi Ami ikama mpya ikiwa ndani ya bahasha, akaondoka.

Ngozi tatu zilikwenda kwa mzee wa Kiyemeni. Ile ya kwanza Ami alimpa Bibi aiweke magotini, maana mifupa ilikuwa inamsumbua. Aliipapasa, akainusa, akakunja uso. Akaniagiza nimteremshie chetezo. Akatia kaa, akadondosha kipande cha udi, akaitandaza ngozi juu ya kikapu.

"Sasa tuone atakimbilia wapi," alisema.

Shuleni nilirudi mwaka mmoja tu, nikatoka tena kwa hiari yangu. Tangu hapo nimeuza vitambaa, nimepika kwenye harusi, nimeishi miji ambayo hata majina yake yananichanganya, na sasa nimepanga tena chumba Bani Malik. Bibi amezikwa hapa Jeddah. Hakuandika vipimo vya udi wake, na mimi niliyechora kila unyayo wa mbweha sikuwahi kumwuliza. Miaka yote hii nachanganya sukari, marashi, sandali. Harufu ya kwanza huipata kila mara. Ya pili hunikimbia.

Baridi iliyopita nilikwenda Riyadh nikapita shambani. Mitende imebaki michache, kutega bila kibali hakuruhusiwi tena, na palipokuwa na banda la kuku pana ukuta wa nyumba mpya. Nilikuwa nimevaa abaya niliyoifukiza kwa mchanganyiko wangu wa mwisho. Jua lilikuwa linazama. Nyuma ya rundo la matofali akatokea mbweha mmoja, akanijia moja kwa moja, hana habari. Alipofika umbali wa mkeka mmoja akasimama, akainua pua. Kisha akazunguka, duara zima.

Nilirudi Jeddah nikaandika vipimo vya mchanganyiko ule ukutani, kwa herufi kubwa.